Papa Aliyetolewa Kwenye Plastiki

Jamani, mimi na mama mkwe wangu tutakuja kuuana kwa sababu ya Papa.

Nasema Papa wa Roma, Baba Mtakatifu, yule wa kwenye sarafu. Fedha tupu, inang'aa ungeweza kujitazama, imefungwa ndani ya kikasha cha plastiki tangu ilipotoka kiwandani. Miaka yote ninayokusanya sarafu za mapapa na makardinali, hiyo sijaigusa hata kwa kidole. Doa moja tu, kwisha habari yake. Na Bwana Walerian, mkusanyaji mwenzangu wa mji wa Tarnów, alikuwa amekubali tubadilishane: aichukue, anipe kardinali wake wa Hungaria, niliyemtafuta miaka kumi na mmoja. Angekuja Jumatano.

Jumanne ilikuwa zamu ya mtaa wetu kutembelewa na padre kubariki nyumba, kama kila Januari. Mimi nilikuwa kazini posta. Kurudi, nikamkuta mama mkwe, Mama Pelagia, ametandika kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka kwenye sahani. Katikati, Papa, hana plastiki.

"Mama! Nani kaifungua hii?"

"Mimi. Kwa kisu cha siagi. Ilikuwa ngumu hiyo, we!"

"Kwa nini lakini?"

"Sasa padre angembariki vipi na kafungiwa humo? Maji hayapenyi."

"Kainyunyizia maji?"

"Tena mengi. Nikamfuta na aproni, nikambusu."

Mungu wangu! Doa la maji shavuni, mkwaruzo kutoka puani hadi sikioni, na alama ya midomo juu ya kofia.

"Mama, hiyo ni sarafu, si sanamu ya kanisani!"

"Wangekuwa hawataki tuibusu, si wangeweka samaki?"

Nikaishika sarafu kwa kitambaa, nikaigeuza kwenye mwanga. Kuisugua ningeiharibu zaidi. La kuvunda halina ubani.

Jumatano Bwana Walerian akaja, akavua koti, akamweka kardinali mezani. Alikuwa mzuri jamani, hana hata vumbi. Mzee akatoa kioo chake cha kukuzia, akamwinamia Papa wangu. Akamgeuza mara mbili, akamrudisha mezani.

"Bibie, huyu kabusiwa."

"Kidogo tu."

"Kabusiwa, na kafutwa pia. Unisamehe, siwezi."

Akamtia kardinali mfukoni, akala vipande viwili vya keki ya jibini, akaaga. Miaka kumi na mmoja ikatoka mlangoni kwangu, na mwenyewe ana makombo kwenye ndevu.

Mlango ulipofungwa tu nikamgeukia mama mkwe.

"Haya, umefurahi? Ulikuwa unamtaka nini Papa wa watu? Baraka zote za kanisani hazikukutosha?"

Alikuwa anakunja kile kitambaa cheupe, pembe kwa pembe. Hakunitazama.

"Nilikuwa namwomba," akasema, "huyo mzee wa Tarnów asije akaghairi. Wiki nzima nakusikia unagaragara kitandani kwa ajili ya kardinali wako. Nikasema, ngoja nikusaidie."

Tusi lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikalimeza, nalo lilikuwa kubwa. Nikamkatia kipande cha keki, nikaketi karibu naye, na nilikuwa na hasira mpaka nikamwagia chai yangu sukari mara tatu.