Dakika Tano Kati ya Picha na Picha

Betri ya kamera ilikuwa inakufa saa nne asubuhi, na mtu aliyekuwa anaua miche yangu alikuwa anakuja baada ya saa nne.

Nina kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba. Nabebesha mwenyewe, yaani napachika kijiti cha aina bora juu ya shina changa, mche mmoja mmoja. Ndani ya wiki tatu miche sitini ya kando ya uzio ilikufa, majani yamebabuka kana kwamba yamemwagiwa kitu. Asubuhi naenda kutafuta udongo, nikirudi jioni nakuta mingine imekwenda. Sikutaka fidia. Nilitaka uso.

Dada yangu ni fundi simu, anaishi na mumewe upande wa pili wa ua wetu. Alikuwa na kamera ya zamani iliyoachwa na mteja. Akaitia skripti, yaani maagizo ya kuifanya ipige picha yenyewe kila sekunde kumi, tukaificha ndani ya debe lililotobolewa. Siku mbili mfululizo ilizima mapema, saa nne, kabla ya mtu yeyote kutokea.

"Kaka, hiki kitu kinakula kuliko wewe," dada alisema.

"Kipunguzie chakula."

Akazima skrini na flashi. Akaifunga lenzi mahali pamoja isihangaike kutafuta umbali, maana kila ikijisogeza inanyonya betri. Ikafika saa sita mchana. Haikutosha.

"Weka dakika tano kati ya picha na picha," nikasema.

"Dakika tano mtu anaingia, anakunywa chai, anatoka."

"Huyu hakuja kunywa chai. Weka."

Aliweka. Betri ikafika saa kumi jioni.

Siku ya nne nikampata. Saa tano na dakika ishirini, hakuna mtu. Saa tano na dakika ishirini na tano, shemeji yangu, mume wa dada, ameinamia miche na ndoo mkononi, anamwaga. Saa tano na nusu, hakuna mtu. Mwaka jana nilimnyima kona ya kiwanja. Nikasema kumbe, jamaa ameweka moyoni. Basi na mimi nikaweka.

Sikumuuliza kitu. Nilisafisha picha tatu kubwa. Moja nikaibandika kwenye geti la ghala analolinda usiku, nimeandika kwa kalamu nene: HUYU NDIYE MLINZI WENU. Ya pili nikampa bosi wake mkononi. Ya tatu nikaitandika kwenye meza ya dada, juu ya simu zake zilizofunguliwa.

Shemeji alinifuata. "Shemeji, nilikuwa nasuuza. Nilisikia harufu ya dawa ya kufulia kwenye majani, nikachota maji safi."

"Suuza mdomo wako kwanza."

Alifukuzwa Ijumaa. Usiku ule nililala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Jumanne miche minane ikababuka, na shemeji alikuwa ametoka tangu alfajiri kutafuta kazi. Nikavuta waya wa umeme kutoka stoo, ule niliouogopa mwanzoni kwamba utaonekana, nikairudisha kamera kwenye sekunde kumi. Kesho yake, saa tano na dakika ishirini na mbili, mikono miwili ilitokeza juu ya uzio na beseni. Picha inayofuata, maji yako hewani. Inayofuata, hakuna mikono.

Alikuwa mama anayefua nguo za watu, mpangaji wa jirani. Nilimwendea na picha.

"Baba, nisamehe," alisema. "Nilidhani huko ni jalala."

Hakuwa na kisasi na mimi. Hakuwa hata ananijua.

Nilikwenda kwa bosi wa ghala. Akasema ameshaajiri mwingine. Nikaenda kwa dada. Alinisikiliza huku anafunga vyombo kwenye magazeti, hakuinua kichwa.

"Alikwambia," akasema. "Mdomo wake mwenyewe ulikwambia."

Miche iliyokufa ni sitini na minane. Shemeji alikuwa na miaka tisa kwenye lile geti. Dada alihama Jumapili na mumewe na watoto wawili, vyumba viwili viko wazi. Ndugu wa tumbo moja nilikuwa naye mmoja tu.