Jalada la Kwanza la Mbegu

Privatus alikuwa na miaka kumi na tisa alipomwona farasi kwa mara ya kwanza. Hakumwona malishoni wala njiani. Alimwona kwenye karatasi, ndani ya chumba cha chapa cha misheni moja ndogo, mwendo wa saa tatu kutoka Rulenge, mwaka 1938. Farasi huyo alisimama peke yake chini kabisa ya jalada la jarida la Ulaya. Juu yake hapakuwa na kitu ila weupe, na juu ya weupe huo neno moja jeusi. Kengele ya chakula ililia ikanyamaza, Privatus bado kakaa palepale.

"Huyo mnyama amekuroga?" aliuliza Bruda Emilian.

Bruda Emilian ndiye aliyekuwa mkuu wa chapa, Mhaya wa makamo, mwenye kucha ambazo wino haukuwahi kuzitoka tangu aweke nadhiri. Privatus alikuwa mwanafunzi wake wa pekee. Wenzake wote pale shuleni walisomea ualimu. Yeye aliondolewa darasani kwa sababu alichora ramani ya Mto Kagera vizuri kuliko ile iliyotundikwa ukutani.

"Bruda, hapa katikati hapana kitu," alisema Privatus. "Lakini ndipo macho yangu yanapokwenda. Nikiyatoa yanarudi."

Bruda akafuta mikono kwenye aproni yake. Kisha akasema, "Basi leo ndiyo umeanza shule."

Padre mkuu alitaka jarida la wakulima na walimu wa Ngara, liitwe Mbegu. Nakala mia tatu. Jalada lake lingechongwa kwenye ubao, na mchongaji angekuwa Privatus. Lakini kabla ya kushika kisu, Bruda alimpa majarida matano ya zamani na amri moja: ayasome majalada kama watu wasomavyo Injili. Privatus hakujua lugha zilizoandikwa mle, na huenda hilo ndilo lililomsaidia. Alikata kipande cha jani la mgomba akawa anafunika kona hii, kisha ile, aone jalada linapungukiwa nini. Aliyageuza miguu juu. Aliyaegemeza ukutani akarudi nyuma hatua kumi. Katika daftari lake aliandika maswali matatu, na chini ya kila jalada akayajibu: Jicho linaanza wapi? Linakwenda wapi? Linapumzika wapi?

Ungedhani mtu aliyejiuliza hayo atachora kwa kiasi. Wapi! Mchoro wake wa kwanza ulikuwa na kanisa, msalaba, shule, ng'ombe wawili, migomba, jembe, kitabu kilichofunguliwa, jua likichomoza na Mto Kagera ukipita nyuma ya vyote. Bruda Emilian aliutazama kwa heshima kabisa.

"Mbona mbuzi umemwacha?" aliuliza.

Privatus aliinamisha kichwa. Usiku mzima aliona haya, na asubuhi alifurahi kuambiwa kwamba anatumwa Biharamulo na wapagazi kuchukua karatasi na wino vilivyoletwa na lori kutoka Mwanza. Wapagazi walikuwa watu wa Nemba, wenye mwendo wa haraka na maneno machache, na ilikuwa safari ya siku nne kwenda na nne kurudi. Aliukunja ule mchoro akauweka kifuani, maana hakuwa tayari kuutupa.

Mzigo ulikuwa umewekwa dukani kwa Mwanamvua, mjane ambaye babu zake walifika Biharamulo na misafara kutoka pwani wakaamua kubaki. Duka lake lilikuwa barabara moja na soko, na upande wote wa mbele alitundika kanga.

"Shikamoo, Bibi," alisema Privatus.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa misheni? Kaa kitako, upumzishe miguu. Hicho ulichokishikilia kifuani ni nini, barua ya Bwana Shauri wa bomani?"

Privatus akamwonyesha. Mwanamvua aliuinua mchoro kwenye mwanga, akausogeza, akaurudisha.

"Kazi nyingi," alisema. "Nini hiki?"

"Jalada. La jarida. Mtu akiliona atake kulifungua."

"Huyo mtu atakuwa amekaa au anapita?"

Privatus aligeuka akatazama barabara. Mwanamvua alimshika mkono, akamvusha barabara hadi upande wa pili, akamgeuza atazame duka.

"Sasa niambie. Unaona nini?"

Aliona kanga kumi na mbili. Alipokuwa karibu nazo, zote zilikuwa zimemchanganya. Kutoka huku, tatu zilimwita na tisa zilinyamaza.

"Wanawake wa hapa wanasimama papo hapo uliposimama," alisema Mwanamvua. "Hawajaja kununua. Wanapita, wana kuni kichwani. Kanga ina pindo, hilo linazunguka pande zote kama ua wa nyumba. Katikati ni mji. Na chini ni jina, maneno yake. Pindo linasema, hapa ni kwangu. Mji ndio unaoita. Akishaitwa, akavuka barabara, ndipo ananiuliza, Bibi, jina lake linasemaje? Namsomea, maana hajui herufi zetu za Kiarabu. Jina ndilo linalomfungua mkoba. Lakini mji ukiwa na makelele, havuki. Hata jina liwe tamu namna gani, havuki."

Privatus alitazama kanga moja nyekundu yenye korosho moja tu katikati, kubwa, na uwanja mtupu kuizunguka. Farasi yule wa Ulaya na korosho ile vilikuwa vimefanywa na watu wasiowahi kusikiana majina, na vilikuwa na siri moja. Alijiona kama aliyefunguliwa mlango wa nyumba ambayo amekuwa akipita mbele yake tangu utotoni.

"Bibi, nani alikufundisha haya?"

"Nani anifundishe? Miaka ishirini naona nani anavuka barabara na nani havuki."

Siku ya nne ya kurudi, wapagazi walitangulia na mzigo, naye akapitia nyumbani kwa mama yake, Kalista, mwendo wa saa mbili kabla ya misheni. Alimkuta uani na ungo magotini, akichagua maharage ya kupanda. Kalista alimjibu salamu bila kuinua macho, maana mvua zilikuwa karibu. Vidole vyake vilipita juu ya maharage kama vinayasikiliza. Moja alilitupa kwa kuku. Moja alilishika, akaligeuza, akaliweka katika kiganja cha kushoto akalifumbia.

"Mama, usiondoe mkono hapo," alisema Privatus.

"Una nini?"

"Nataka kuuchora."

"Mikono hii?" Kalista alicheka hadi ungo ukatikisika. "Ngoja basi nikanawe!"

"Usinawe."

Alichora mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Mama yake, ambaye hakuwahi kukaa bila kazi mchana tangu alipolazwa na homa, alikaa, mikono imetulia, akimtazama mwanawe kwa mshangao wa mtu aliyeombwa kitu asichojua kuwa anacho.

Kuchonga kulichukua wiki mbili. Herufi za MBEGU alizichonga kinyumenyume, akizisoma kwenye kioo cha kunyolea cha Bruda. Chapa ya kwanza ya majaribio ilipotoka, mikono ilionekana kama mizizi ya muhogo. Alikuwa amechonga kila mkunjo, kila mshipa, kila ufa wa ngozi.

"Ni makelele," alisema mwenyewe, kabla Bruda hajafungua mdomo.

Alirudi kwenye ubao akaanza kuondoa. Kuondoa ni kazi ya hofu, kwa sababu mti uliokatwa haurudishiki. Aliondoa mishipa. Aliondoa ungo wote. Akaacha viganja viwili vyenye mistari michache, kimoja wazi na kimoja kikianza kufumba, na kati yao harage moja. Pembeni pindo jembamba. Kilichobaki kilikuwa weupe.

Jumamosi ile Kalista alikuja misheni kuungama, na alipotoka kanisani akapita chumba cha chapa kumletea mwanawe ndizi. Hakuwa ameingia mle hata siku moja. Alisimama mlangoni akiiogopa mashine.

"Karibu ndani, mama," alisema Bruda Emilian. "Tunakaribia kuitoa nakala ya kwanza kati ya mia tatu. Njoo uvute."

"Mimi?"

"Wewe. Shika mkono huu wa mashine. Vuta mpaka usivutike tena."

Privatus alipaka wino kwa rola, akalaza karatasi. Kalista akatema mate viganjani kama anayeshika jembe, akavuta. Mashine ikaguna. Bruda akainua karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza.

Privatus alikuwa ameutazama ubao ule hata akauota, lakini ubao ulikuwa mti. Hiki kilikuwa kitu kingine. Mikono ilikuwa pale, imetoka katika weupe kama watu wanavyotoka katika ukungu asubuhi, na harage lile lilikuwa karibu kuanguka, na halikuanguka. Hakuamini kuwa ni yeye.

Kalista alisogea. Akatazama karatasi, akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa bado imeshika chuma, akakiachia chuma polepole. Akavifungua viganja, kimoja wazi, kimoja kikifumba, akaviweka kando ya karatasi.

"Ni mimi," alisema kwa Kihangaza, lugha ya kwao, kwa sauti ya kanisani. Kisha, "Na zile nyingine?"

"Zote ni wewe, mama," alisema Privatus.

"Zitakwenda wapi?"

"Mugoma. Rulenge. Biharamulo. Kila penye shule."

Alikaa kwenye kasha la herufi, akajipangusa macho kwa kona ya nguo. Aliomba ile ya kwanza, na Bruda alipomwambia angoje wino ukauke alikataa. Maharage hayamngojei mtu. Basi akaondoka nayo ikiwa mbichi, ameilaza juu ya viganja vyote viwili, hatua fupi fupi, asiangalie kulia wala kushoto. Privatus alisimama mlangoni akimsindikiza kwa macho. Kule mteremkoni waliokuwa wakipanda kuja kuungama walimpisha mmoja mmoja, wakikanyaga majanini kumwachia njia, na baada ya kupishana naye walisimama, wakageuka, wakatazama.