Mshipa Uliopita Chini ya Mlango

Asubuhi ile daktari alikuwa ameshalifungua fuvu la mwoka mikate, na utando wa ubongo umekunjuliwa pembeni na kushikizwa kwa nyuzi. Chini ya darubini lilionekana fundo la mishipa ambamo damu ilipita mbio bila kuulisha ubongo. Fundo la namna hiyo lina utaratibu wake: hufungwa kwanza mishipa inayoleta damu, na ule unaoiondoa hukatwa mwisho. Ukipindua utaratibu, fundo hupasuka na mgonjwa hufia mezani.

"Rangi," alisema.

Mtaalamu wa usingizi aliidunga mkononi mwa mgonjwa. Punde si punde, kwenye skrini, mishipa inayoleta ikawaka kijani, kisha fundo, kisha ule mnene unaoondoa. Huo haukuishia mahali vitabu vinaposema. Ulitoka kwenye jeraha, ukashuka na mguu wa meza, ukakata chumba na kupita chini ya mlango.

"Usiukanyage," daktari alimwambia nesi.

"Nauruka tangu tuanze."

Daktari alimwambia msaidizi alifunike jeraha kwa pamba yenye maji, akavua glavu, akaufuata. Ulinyooka kando ya ukuta wa korido, ukazunguka ndoo ya taka, ukaingia kwenye kiganja cha mama mkwe wa mgonjwa, aliyekuwa kwenye benchi akimenya chungwa. Mashavu yake yaling'aa kijani. Mume wa mgonjwa, pembeni yake, alikuwa na tawi lake mwenyewe, jembamba, nyuma ya sikio. Alikuwa amelala fofofo.

"Wewe ndiye unayemchokonoa mkwe wangu?"

"Ndiye mimi, mama. Mshipa huu nitaukata."

"Utaukata, kwani ulikuja nao? Miaka yote hii ananitunza, hajawahi kulalamika."

"Alianguka kifafa mbele ya tanuri."

"Kuanguka, nani haanguki? Uvivu wake aliuanza siku alipovuka kizingiti changu." Alitema mbegu. "Wewe una mkwe?"

"Sina."

"Ndiyo maana mkono wako mwepesi kukata."

Daktari alirudi, akanawa upya mpaka viwikoni, akavaa glavu mpya. Mishipa miwili ya kuleta ilibanwa bila shida. Wa tatu ulijificha nyuma ya fundo, na alipoufikia, ubongo mzima ukatikisika. Huko nje mtu alikuwa anavuta.

"Mwambieni aache."

Nesi alitoka, akarudi. "Anasema chake ni chake."

"Basi mshike mikono."

Nesi akatoka tena. Kupitia mlangoni yalisikika matusi, yote ya mtu mmoja. Mshipa ukatulia. Daktari alibana wa tatu, akaagiza rangi mara ya pili. Safari hii fundo lilibaki giza tupu, na mshipa wa kuondoa, uliokuwa mwekundu, ukalegea na kugeuka bluu. Akaukata. Kwenye korido mama mkwe aliuliza kwa ukali nani kafungua dirisha.

Kesho yake mwoka mikate alifumbua macho. Alitaja jina lake, akainua mikono yote miwili, akatamka kila neno sawasawa.

"Tumelitoa lote," daktari alimwambia.

"Nani alikutuma ukate ule wa mama?"

"Ungekufa."

"Sikukuuliza hilo."

Saa ya kuwaona wagonjwa mama mkwe aliingia amevaa sweta mbili, moja ya mwanawe. Midomo imempauka. Hakutoa salamu. Mgonjwa alimnyooshea mkono, naye akaubonyeza huku na huku akitafuta mshipa, kama anayechagua parachichi, kisha akausukuma.

"Huu umelegea. Ule wa kichwani ulikuwa na joto."

Mwoka mikate akageuza shingo upande usio na bandeji, akashusha kola ya gauni. Daktari alitazama saa ya ukutani. Muda wa wageni ulikuwa haujaisha, na kanuni za wodi haziruhusu mtu kuketi kitandani kwa mgonjwa. Akamwagiza nesi alete kiti.