Sikio la Mzee Haloo

Habari hii nilipewa na mke wa mwanangu, mwaka jana wakati wa baridi, siku aliyokuja kunisuka. Nilimwambia asuke polepole na asimulie polepole, maana kichwa ni changu na masikio ni yangu.

Chumba wanachopanga yeye na mwanangu kinapakana na cha mzee mmoja mjane. Wapangaji humwita Mzee Haloo. Alikuwa opereta wa simu enzi zile za kuchomeka nyaya ubaoni, na mpaka leo akifika mlangoni kwa mtu hasemi hodi, anasema haloo.

Alipokuwa kijana kazini, fundi mkuu aliwaletea gazeti lenye michoro ya dunia itakayokuja. Magari yanapaa juu ya mapaa. Jiko linapika lenyewe. Na simu yenye uso wa mtu anayeongea. Mzee wakati huo alikuwa ametoka kuambiwa kwamba binti yake, mtoto wake wa pekee, ni kiziwi. Magari ya kupaa akawaachia wenye haraka zao. Ile simu ndiyo aliyoibeba moyoni, akaenda nayo nyumbani.

"Mama," akamwambia mkewe, "mtoto wetu atapiga simu."

Wakangoja. Mke akafa, mzee akastaafu, na miaka yake yote ya kazi aliwaunganisha watu wa mbali wasikilizane, yeye na mwanawe wakiwa hawawezi kuongea hata kutoka chumba cha pili. Wao wanaongea kwa mikono, lugha waliyoitunga wenyewe humo ndani, watu watatu, sasa wamebaki wawili. Basi ukimtajia mambo ya kisasa anakunja uso. "Wale wa gazeti? Walisema magari yatapaa. Mimi nayaona yanazama topeni pale kwenye kona."

Binti akakua, akawa fundi cherehani. Kazi ya kiwandani, kushona sare, ndiyo aliyoililia miaka yote. Mwishowe akaipata, lakini ni mji mwingine, na kwanza mwezi wa majaribio. Kabla ya kuondoka akamwachia baba yake simu ya kioo. Akamwonyesha: ikilia, sukuma hiki cha kijani, tutaonana humu. Mzee akaitikia kama unavyomwitikia mtoto aliyekuahidi nyumba ya ghorofa.

Siku ya tatu jioni, mke wa mwanangu akapata ujumbe. "Dada, baba kanisusa. Kila nikipiga anajificha, hataki kuniona. Kesho narudi, kazi na waichukue."

Akaacha chungu motoni akaenda kwa jirani. Akamkuta mzee kaketi wima mezani, simu kaibana sikioni, macho kafumba.

"Baba, unafanya nini?"

"Nyamaza. Niko na mtoto."

"Unaongea naye?"

"Nitaongeaje na kiziwi kwenye simu, mwanangu, na wewe una akili zako? Namsikiliza. Juzi nilisikia vyerehani, nikajua yuko kazini, nikashukuru. Leo nasikia anahema. Na kitu kama zipu."

"Zipu ya begi, baba. Anafunga mizigo. Siku tatu hizi anaona sikio lako tu."

"Sikio?"

"Na vinyweleo vyake vyote. Hebu itoe hapo, uitazame."

Mzee akaitoa kwa shida, kama mtu anayevuliwa kofia mbele za watu. Kwenye kioo akamwona binti yake kaketi ukingoni mwa kitanda, begi mapajani, uso kaupa ukuta. Akagonga kioo kwa ukucha. Akaita haloo. Mke wa mwanangu anasema hapo ndipo alipoogopa, maana ungemwitaje yule? Wakasubiri tu. Mimi nimelea watoto saba, najua kusubiri mtoto aliyenuna ageuke.

Akageuka.

Mzee akaanza kusema kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Maneno yakatoka nusunusu, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Binti akakunja uso, haelewi. Mke wa mwanangu akampokonya simu akaiegemeza kwenye birika. Ikateleza. Akaiegemeza tena, akaizuia kwa pakiti ya chumvi, na mzee akapata mikono yake miwili.

Aliyoyasema mzee, mke wa mwanangu hayajui yote. Aliona mzee akishika sikio, akijipiga paji la uso, akichomeka nyaya zisizokuwepo, kisha akishika tena sikio. Binti akatoa macho. Halafu akacheka, kile kicheko chake kikubwa asichokisikia mwenyewe, mpaka begi likaanguka chini.

Picha ikaganda, mkono wa binti ukabaki hewani.

"Imekufa," mke wa mwanangu akasema.

"Haijafa. Laini mbovu hiyo. Nimekaa na laini mbovu ujana wangu wote," mzee akajibu, wala hakuondoa macho.

Picha ikarudi. Wakaendelea, wakasengenya, nadhani, maana walikuwa wakimtazama mke wa mwanangu na kutabasamu. Binti akatoa nguo begini moja moja akazitundika, kila moja akimwonyesha baba yake.

"Gari la kupaa je, baba?" mke wa mwanangu akamchokoza.

"La nini? Niende wapi?"

Mikono yake ikapungua mwendo, ikatua mezani, na mzee akasinzia pale pale. Mke wa mwanangu akamfunika shuka, akamwashiria binti kwa kulaza shavu kiganjani. Binti akaitikia, lakini hakukata simu. Akajinyoosha kitandani akimtazama baba yake, mpaka naye macho yakamshinda.

Mke wa mwanangu akaizima simu ili chaji isiishe, akaenda kuula wali wake ulioungua, na yeye akalala.