Simu Mbili za Nyumba Moja

Nyumbani kwetu mimi naitwa Bajeti. Jina hilo alinibandika kaka yangu tukiwa wadogo, kwa sababu nikipewa peremende nilikuwa naivunja vipande na kula kimoja kimoja mpaka jioni, wakati yeye ya kwake ameshaisahau. Sijawahi kulichukia. Kazi yangu ni kukata vitambaa kwenye karakana ya sare za shule, na mkataji akiwa na mkono mlegevu tajiri wake anafilisika. Kwa hiyo Mama aliponinong'oneza kwamba pensheni ya Baba siku hizi haifiki hata katikati ya mwezi, nilijua kazi hiyo ni yangu. Kaka, anayeishi mbali, alitaka kuwatumia nyongeza. Nikamwambia atulie kwanza nione pesa zinatorokea wapi.

Jumamosi asubuhi nikaingia kwao na kikapu cha mboga na sura ya mkaguzi. Baba alikuwa kibarazani, kwenye kiti chake kinachotazama barabara. Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori ya masafa marefu, yale ya kuvuka mipaka, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Dereva ingawa hana hata baiskeli.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuwasalimia."

"Na kutukagua."

"Na kuwakagua, ndiyo."

Akacheka kidogo, akarudisha macho barabarani. Baba si mtu wa maneno mengi, na sisi watoto tumezoea.

Nilianza na stoo. Taa ilikuwa inawaka mchana kweupe, inamulika gunia la mkaa na ngazi iliyovunjika. Mama akasema wezi wakiona mwanga wanaogopa. Nikamuuliza wezi gani hao wa saa nne asubuhi, nikazima. Bomba la bafuni lilikuwa linadondosha maji tangu mwaka uliopita na wao wameweka kopo chini yake, wakaridhika. Mpira wa mlango wa friji ulikuwa umechakaa kiasi kwamba friji lilikuwa linapoza jiko zima. King'amuzi kilikuwa kinalipiwa kifurushi kikubwa cha michezo.

"Nani anaangalia mpira humu ndani?" nikauliza.

"Baba yenu," akasema Mama.

"Anaangalia?"

"Anawasha. Timu hazijaingia uwanjani yeye ameshalala."

Baba alisikia kutoka kibarazani. Akakohoa tu. Nikapiga simu, nikashusha kifurushi, nikamwita fundi bomba, nikajisifu kimoyomoyo. Kufika saa sita nilikuwa nimeshapunguza matumizi ya nyumba ile bila mtu kulala njaa wala kulala gizani.

Zikabaki simu. Kila mmoja alikuwa na simu ya kioo aliyonunuliwa na kaka, na kila mmoja alikuwa analalamika kwamba salio linayeyuka. Nikawaita wote wawili mezani sebuleni, nikaanza na ya Baba. Baba hubonyeza kioo cha simu taratibu kwa kidole gumba, kama anayeangalia nyanya imeiva au bado. Nikafungua meseji zake, nikataka kuanguka. Alikuwa amejiunga na utabiri wa nyota, na vichekesho vya kila siku, na ushauri wa kiafya kwa mama wajawazito.

"Baba, una ujauzito wa miezi mingapi?"

"Waliniuliza kama nakubali," akasema. "Nikaona si adabu kumkatalia mtu ambaye hata hujamjua."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Lakini nilivyoona, alicheka akiniangalia mimi, na Baba alitabasamu akiangalia sakafu. Nikayafuta yote, moja baada ya jingine, nikadhani mwizi nimemkamata. Ndipo nikafungua orodha ya simu alizopiga.

Ilikuwa na jina moja. Mama Watoto, Mama Watoto, Mama Watoto, kutoka juu mpaka chini, asubuhi, mchana, jioni. Nyingine zilikuwa ndefu kuliko simu ninazopigiana na mume wangu kwa wiki nzima. Nikachukua ya Mama. Kule nako jina lilikuwa moja: Dereva.

"Hebu nielezeni," nikasema. "Mnapigiana simu ndani ya nyumba moja?"

Baba akaangalia dari. Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"Magoti," Baba akasema hatimaye. "Kuingia ndani na kutoka, mwanangu, magoti hayataki."

"Mnaongea nini muda wote huo?"

"Mambo tu," akasema Mama.

Nilipandwa na hasira, nisiseme uongo. Nikawaambia kwamba kutoka kibarazani mpaka jikoni mtu anaita tu na anasikika, kwamba kampuni ya simu inawacheka, kwamba wazee wazima wanachoma pensheni kwa uvivu. Hawakubishana nami hata kwa neno moja, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, kwa sababu Mama hubishana hata na taarifa ya hali ya hewa. Nikaamua simu moja inatosha. Ikae sebuleni, juu ya meza, iwe ya nyumba, na sisi watoto tutapiga hapo hapo.

"Chukua hii yangu," akasema Mama, akanisogezea simu yake. "Mimi nampigia nani mwingine?"

Maneno hayo niliyasikia kwa sikio la mkaguzi. Nikaizima simu nikaitia kwenye mkoba.

Mwezi uliofuata pensheni ilifika mwisho wa mwezi na chenji ikabaki. Nilimpigia kaka kumtambia. Akasema angenijengea sanamu kama si gharama, nikamwambia hata mimi nisingeidhinisha. Simu ya Mama nilikuwa nimeanza kuitafutia mteja pale karakana.

Siku Mama aliponipigia kwa ile simu ya sebuleni, nilikuwa kazini, mezani na tabaka nene la kitambaa cha sketi, chaki imeshachorwa, mkasi mkononi. Mashine za wenzangu zilikuwa zinanguruma, nikaweka simu sikioni nikaishikilia kwa bega.

"Leo nakwenda kwa mama yako mdogo," akasema.

"Kumtembelea?"

"Kukaa."

"Mpaka lini?"

"Sijapanga siku ya kurudi."

Nikasimamisha mkasi. "Mmegombana na Baba?"

"Tugombane kwa maneno gani?" akasema, akakata.

Mkasi ulikuwa umeshapita chaki. Nilikuwa nimeharibu tabaka zima, jambo ambalo halijanitokea tangu niajiriwe, na tajiri akaja kusimama karibu yangu mikono kiunoni. Nikamwambia akate kwenye mshahara. Nilichukua mkoba nikatoka, na njia nzima nilikuwa naogopa kwamba nitafika nikute kitanda cha Mama kimetandikwa na yeye hayupo.

Nyumba ilikuwa kimya. Taa ya stoo imezimwa, bomba halidondoshi, televisheni imefunikwa kitambaa. Kila nilichokiamuru kilikuwa kimetekelezwa. Baba alikuwa kibarazani na shati lake limefungwa vifungo vibaya, kimoja juu kimoja chini, na hakuna aliyemwambia. Nikampita.

Mama alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, kilemba kichwani, viatu vya safari miguuni, begi karibu na goti. Nikakaa pembeni yake.

"Mama, amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Afadhali angenikosea." Akanyoosha shuka kwa kiganja mahali ambapo halikuwa na kunyanzi. "Wewe unajua baba yako amekaa nyumba hii muda gani? Ukijumlisha, mimi nimekaa na wewe kuliko nilivyokaa na yeye. Alikuwa anakuja, anafua nguo, analala, anaondoka. Lakini alikuwa anapiga simu. Kila anaposimama kujaza mafuta, kila foleni ya mpakani. Zamani alikuwa anapiga kwenye simu ya dukani, mwenye duka ananiita, nakwenda mbio na unga mikononi. Baba yako kwenye simu ni mtu mwingine kabisa. Ananichekesha. Ananieleza watu aliowaona, anauliza habari ya kila kitu, hata habari ya kuku. Huyo ndiye mume wangu ninayemjua, wa sikioni."

"Na huyu wa kibarazani?"

"Huyu namheshimu. Namwekea chakula, anasema asante, nasema karibu. Alipostaafu nilikaa kama nimeletewa mgeni ambaye sijui ataondoka lini. Halafu siku moja niko jikoni, simu ikaita. Ni yeye, yuko hapo nje. Akaniuliza, 'Mama Watoto, umeshindaje?' Nilikaa chini kwenye kigoda, mwanangu, nikalia. Tangu hapo tukawa sawa." Akaangalia begi. "Sasa wewe ukaja na mahesabu yako. Mahesabu yalikuwa sahihi, sikulaumu. Ila siwezi kuzeeka na kikohozi cha mtu nyuma ya ukuta."

Aibu niliyoiona siku ile sikuwahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Nikatoka nikaenda kibarazani.

"Baba, unajua Mama anaondoka?"

"Nimeona begi."

"Umemwambia chochote?"

Akasugua magoti yake, yale aliyoyasingizia. "Jana usiku nilikaa naye mezani nikajaribu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu mchana. Nikainua macho nikamwona, yakaisha." Akageukia barabara. "Mimi kuongea na mama yako nimejifunza nikiwa nashika usukani, macho mbele. Nikimwangalia usoni naona yote ambayo sikuwepo. Nakosa pa kuanzia."

Nikafungua mkoba. Simu ya Mama ilikuwa humo humo, na bahati nzuri mteja wangu alikuwa bado hajatimiza bei. Nikaiwasha, nikatafuta vifurushi. Walikuwa mtandao mmoja, na kumbe mtandao wao una kifurushi cha wiki cha kuongea wao kwa wao, dakika za kumwaga, kwa bei ndogo kuliko ule mpira ambao Baba alikuwa anasinzia nao. Wazee wangu walikuwa wananunua maneno kwa rejareja siku zote, na mimi badala ya kuwaonyesha duka la jumla nikawafungia duka. Nikawaunga wote wawili kwa pesa yangu, na sikukumbuka hata kuiandika kwenye mahesabu yangu.

Nikaenda chumbani nikaweka simu kwenye mapaja ya Mama. Hakuigusa. Nikachukua ile ya sebuleni nikampelekea Baba.

"Mpigie."

"Si yuko hapo ndani?"

"Najua. Mpigie."

Akainuka. Magoti hayakumsumbua hata kidogo. Akashuka ngazi, akazunguka nyumba kwa nyuma, akasimama penye tangi la maji, chini ya dirisha la chumba chao, akaelekeza uso wake kwenye ukuta wa jirani kama vile upo umbali wa safari nzima. Mimi nilirudi mlangoni kwa Mama, nikasimama hapo bila kualikwa.

Simu ikaita. Mama akaiangalia. Ikaendelea kuita. Akaipokea.

"Haloo."

"Mama Watoto." Sauti ilikuja mara mbili, kwenye simu na dirishani.

"Dereva," akasema Mama, na sauti ile sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mwanamke wa umri wangu. "Uko wapi?"

"Niko huku kwenye tangi. Jirani amepaka ukuta wake rangi, umeuona? Rangi ya dawa ya kikohozi."

Mama akaziba mdomo. "Umekula?"

"Sijala. Nimesikia una safari."

"Ndiyo."

"Begi kubwa?"

"La kiasi."

Nilimsikia Baba akihamisha miguu kwenye changarawe.

"Ulinisubiri miaka mingi," akasema. "Mimi kusubiri sijui. Sikuwahi kufundishwa, siku zote nilikuwa mimi ninayeondoka. Ukienda sitajua nikae wapi humu ndani. Nakuomba usiende."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mama, na hakuyafuta. "Kwa nini hukuniambia hivyo jana, mezani?"

"Jana ulikuwa unaniangalia."

Mama akacheka na kulia kwa pamoja, akageuza uso kuelekea dirishani, ambapo kisogo cha Baba kilikuwa kinaonekana, na kola ya lile shati lililofungwa vibaya.

"Basi ingia ndani," akasema. "Jua linakuunguza, na chakula kipo."

"Ngoja kwanza," akasema Baba. "Tumalize kuongea."

Mama akainama, akavua viatu kwa mkono mmoja, simu ikiwa bado sikioni, akavisukuma chini ya kitanda.