Kutu Kwenye Silinda

Siku za kazi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ardis Halvorsen aliamshwa na sauti ya mkwewe, Troy, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kwaru, kwaru, kwaru. Alilala akisikiliza, blanketi likiwa limemfika kidevuni, na kila mkwaruzo aliuona kama neno analoambiwa yeye.

Gari hilo zamani lilikuwa likilala ndani, kwenye gereji iliyoshikana na nyumba. Kisha Ardis akahamia kwa binti yake Kari, akaja na masanduku mawili ya nguo na kerezo, mashine ya kukereza chuma. Tangu hapo gereji ikawa karakana yake, na gari la Troy likalala nje, Januari ya Duluth, kaskazini mwa Marekani, kando ya ziwa linaloganda mpaka watu wanatembea juu yake. Troy hakuwahi kulalamika hata siku moja. Angalau angelalamika, Ardis aliwaza, ningejua pa kumjibia.

Alikuwa na miaka sabini na miwili. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiwanda cha pampu, amesimama mbele ya kerezo hilohilo, na kiwanda kilipoleta mashine mpya wenzake walichanga fedha wakalinunua hilo la zamani, wakalifunga utepe mwekundu, wakamletea nyumbani siku aliyostaafu. Mpaka leo ule utepe alikuwa ameufunga kwenye mguu wa meza. Kazi aliyoitaka ilikuwa moja: kutengeneza mfano mdogo wa injini ya mvuke ya boti la kuvuta meli, lile ambalo baba yake alilitilia makaa ujana wake wote. Inchi moja kwa kila futi. Injini nzima ingekaa mezani kama birika la chai, na ingezunguka kweli.

Lakini kulikuwa na Bernadine, dada yake, aliyepiga simu kila Jumapili kutoka Arizona, jimbo la jangwa.

"Chumba bado kipo," Bernadine alisema. "Ila mwisho wa Februari nataka jibu. Kuna bibi mwingine anakitaka."

"Na kerezo nitaliweka wapi? Kwako kuna zulia hadi jikoni."

"Liache. Wewe Ardis, wenzako wanafuma soksi."

"Soksi zinachosha."

"Huku hata msumari ukiusahau nje hauoti kutu. Njoo upumzike, uwaache vijana na nyumba yao."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Ardis alikuwa ameshajiambia: nikiona mimi ni mzigo kwa Troy, nitakwenda, na karakana itakuwa imekwisha.

Tena kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Siku ya kulisimamisha kerezo, Troy alikuwa amefanya kazi ya watu watatu. Alilishusha kwa mnyororo, akaliviringisha juu ya vipande vya bomba hadi ukutani, akatengeneza na meza nzito ya mbao pembeni. Alipomaliza, jasho likimtoka na nje theluji inaanguka, Ardis aliweka pimamaji juu ya kerezo kuona kama limelala sawa, akatazama, akaanza kuingiza vipande vya bati jembamba chini ya miguu ya mashine.

"Mama, sakafu hiyo nimeimwaga mwenyewe," Troy alisema.

"Inateremka kuelekea mlangoni."

"Lazima iteremke. Theluji ya gari ikiyeyuka, maji yatoke."

"Basi ni sakafu nzuri ya maji," Ardis akasema, jicho bado kwenye pimamaji. "Kerezo likilala hivi linajipinda, kila nitakachokereza kitatoka kama karoti. Hii sakafu haifai."

Alisema kama alivyozoea kusema kiwandani, ambako hakuna aliyenuna kwa neno la kazi. Aliponyanyua kichwa Troy alikuwa ameshaingia ndani. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena karakanani, na mezani wakawa wanapitishiana chumvi kwa adabu nyingi mno.

Katikati ya Januari Kari alimpeleka mama yake Minneapolis kwa daktari wa macho. Walilala huko usiku mmoja. Kabla ya kuondoka Ardis alikuwa amemaliza kazi iliyomchukua wiki tano, silinda ya injini, kipande cha chuma cha kusubu kinachoenea kiganjani, tundu lake likiwa laini hata unaona kivuli cha kidole ndani yake. Aliisafisha mafuta yote yanayozuia kutu, pamoja na kerezo lenyewe, ili akirudi apime kila kitu kikiwa kikavu.

Waliporudi, Troy aliwafungulia mlango akiwa anajizuia kutabasamu.

"Mama, karibu utazame karakanani."

Joto lilimpokea usoni. Katikati ya sakafu iliwaka hita ya mafuta ya taa, ile ambayo Troy huitumia kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu.

"Nilikuona dirishani wiki iliyopita unapuliza vidole," Troy alisema. "Nimeiwasha tangu jana, nikiwa nyumbani. Wikendi hii samaki watanisamehe."

Ardis aliona madirisha yanatiririka maji. Aliona kerezo. Mwili wote wa chuma uliokuwa uking'aa sasa ulikuwa na rangi ya chungwa, kama vile mtu ameunyunyizia unga wa pilipili. Na silinda, juu ya kitambaa cheupe alichoitandikia, ilikuwa imetota jasho, na ndani ya tundu lake kahawia tupu.

Aligeuka. Troy alikuwa bado anamtazama usoni, anangoja, mtu mzima wa miaka arobaini na sita anayengoja kama mtoto aliyeleta ua.

"Asante, mwanangu," Ardis akasema. "Pana joto."

Usiku ule hakula zaidi ya nusu bakuli la supu.

Ardis alidhani kwa kuificha kutu amefanya wema, na pengine ulikuwa wema. Ila wema ule ulizaa taabu, maana Troy, kwa kuwa ameshukuriwa, aliiwasha hita kila alfajiri kabla ya kwenda kukwangua kioo. Ardis akawa anasikiliza gari likiondoka, kisha anashuka mbio kadiri magoti yalivyoruhusu, anazima hita, anafungua lango zima la gereji ili unyevu utoke, halafu anasimama kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri amevaa koti na kofia, anasugua kutu kwa mafuta na kitambaa. Jioni anafunga lango, anawasha tena dakika kumi, ili Troy akirudi akute joto lake.

Jumapili alimwambia Bernadine, "Labda nitakuja."

"Umepatwa na nini?"

"Huku kuna unyevu."

Alhamisi Troy alirudi saa nne asubuhi, kazini kumekatika umeme. Akaona lango wazi, hita imezimwa, theluji imepeperukia hadi kwenye miguu ya meza, na mama mkwe wake ameinama juu ya kerezo, pua nyekundu kama nyanya.

Alizima gari. Akasimama pale lango linapoanzia, hakuingia.

"Kama hukuitaka, si ungesema?"

Ardis aliweka kitambaa chini. Alifikiri kusema alikuwa anapunga hewa tu. Lakini alikuwa amechoka, na vidole vilimuuma.

"Ingia, Troy. Njoo uone."

Akampa silinda. Troy aliigeuzageuza, akaingiza kidole tunduni, kikatoka na vumbi jekundu.

"Mafuta ya taa yakiwaka yanatoa mvuke," Ardis alisema. "Huuoni. Kibandani kwako unapita kwenye mianya, hapa umefungwa. Unatafuta kitu baridi cha kukalia, na hapa hakuna kitu baridi kuliko kerezo."

Masikio ya Troy yalianza kuwa mekundu, na si kwa baridi.

"Hii ndiyo ya wiki tano?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimekuwa nikiwasha kila siku."

"Nimekuwa nikizima."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umenitendea wema. Nilishindwa."

"Ulishindwa," Troy alisema. "Siku ya kwanza umeniambia sakafu yangu haifai, hata jasho sijafuta. Kutu ndiyo ukaionea haya?"

"Siku ile sikujua kwamba unaumia," Ardis akasema. "Nilizungumza na wewe kama mtu wa kiwandani. Sakafu si mbaya. Ungeimwaga bila mteremko, ningekuwa nafanya kazi ndani ya bwawa."

Troy alicheka kwa puani, kidogo tu. "Kari aliniambia tangu mwanzo wa mwezi kwamba unafikiria kwenda Arizona. Nikajua ni kwa sababu ya baridi. Ndiyo maana nikaleta hita."

"Mimi nilidhani unataka gereji yako."

"Nani kasema?"

"Kioo chako. Kila asubuhi."

"Kioo?" Alimtazama kama hajasikia vizuri. "Mama, baba yangu alikwangua kioo maisha yake yote. Mimi ndiye nilikuwa nimedekezwa." Akavuta kiti cha chini, akakaa, akavua glavu. "Haya, nipe kitambaa. Unaanzia wapi?"

"Mafuta kwanza. Halafu taratibu, kwa kufuata urefu. Usikandamize, humwadhibu mtu."

Walisugua hadi saa nane. Kerezo lilirudi karibu rangi yake, likabaki na madoa mawili yasiyodhuru. Silinda ilikuwa na kistari cha kutu kilichozama ndani. Itabidi tundu liongezwe upana wa unywele na pistoni itengenezwe upya, nene zaidi kidogo. Ardis alimweleza hivyo hivyo, bila kulainisha maneno, na Troy akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kazi. Jumamosi alibandika mbao na sufi ya kuzuia baridi kwenye lango, akatundika hita ya umeme ukutani. Ile ya mafuta aliirudisha kwa samaki.

Jumapili simu ililia Ardis akiwa anakereza.

"Ni dada yako, Bernadine," Kari aliita kutoka jikoni. "Anauliza, unakuja?"

"Mwambie ampe chumba yule bibi mwingine. Mikono yangu ina mafuta."

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, aliposikia kwaru ya kwanza, Ardis alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akavuta buti za Kari, akatoka. Alichukua kikwanguo cha pili kwenye gari, akaanza upande wa abiria. Troy alimtazama juu ya boneti, akarudi kwenye upande wake. Walikutana katikati ya kioo.

"Upande wako umeacha mistari," Troy alisema.

"Gari lako halijalala sawa," Ardis akamjibu, akaendelea kukwangua.