Kichuguu cha Placidia

Mke wangu Placidia alikuwa akisema tumbili na uyoga ni watoto wa mama mmoja waliogombana. Tumbili huja bila kuitwa, uyoga huitwa ukakataa. Alisema hivyo kunichokoza, maana kazi yangu ilikuwa kulinda mahindi dhidi ya tumbili, na yake, kila masika, kutafuta uyoga mweupe wa kichuguuni.

Kichuguu chake sikukijua. Kwetu Rugera anayekigundua hakitaji, humwachia binti yake. Sisi hatukupata binti. Alfajiri alishika barabara ya Kayanga na kikapu, hasalimii mtu, akarudi jua limepanda.

"Ni wapi huko?" niliuliza.

"Mbali, mume wangu. Wewe linda ndugu zako tumbili."

Alifariki mwezi wa kwanza. Mvua zilipoanza nilitaka kitu kimoja tu, uyoga wake uwe mezani siku ya ibada ya kumkumbuka. Siku tano nilitembea barabara ile, nikichungulia kila kichuguu. Nilirudi mikono mitupu, na uyoga ule haukawii kuoza.

"Pumzika, shemeji," aliniambia Agnetha, mdogo wake. "Tutapika maharage. Marehemu hatakasirika."

"Hatakasirika. Atanicheka."

Siku ya sita sikutoka. Nilikaa kwenye kibanda changu cha ulinzi, tumbili wakaingia shambani nami sikuwafukuza. Nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Ndipo nikamwona jike mmoja, mtoto amemng'ang'ania tumboni, akitafuna kitu cheupe. Halikuwa hindi. Alitokea nyuma yangu, kwenye mibuni ya marehemu baba niliyoacha kuipalilia siku nyingi.

Nilikwenda. Hazikufika hatua arobaini.

Kichuguu kilikuwa pale, tumbili wamekivuruga, vishina vya uyoga vimetapakaa. Kando yake palikuwa na jiwe bapa, limelainika kwa kukaliwa. Nilikaa. Kati ya matawi niliona kibanda changu, na kigoda ninachokalia nikiwa nimeipa mibuni mgongo.

Miaka ishirini na sita alizunguka kupitia barabarani, akaja kukaa hapa.

Tumbili walikuwa wamebakiza uyoga saba. Niliuchuma, nikaufunga kwa jani la mgomba, nikapita vichakani hadi barabarani ili niingie nyumbani kwa mbele.

Agnetha alifungua lile jani, akanitazama.

"Haya, shemeji, umeupata wapi?"

"Mbali," nilisema.